Mtawala, Askari na Raia: Mafunzo ya Damu Iliyomwagika Sudan

Watu wanaouchunguza Uislamu, na hata ndugu zetu walioingia katika dini karibuni, huuliza mara kwa mara swali hili: "Mwatuambia kwamba Uislamu ni dini ya amani. Mbona basi katika nchi za Waislamu twaona askari wakiwapiga risasi watu wao wenyewe, na watu wakiinuka juu ya serikali zao, na pande zote mbili zikilitaja jina la Mwenyezi Mungu? Je, dini yenu yaamuru kumtii mtawala hata akidhulumu, au yaamuru kumwondoa kwa nguvu?"

Swali hili ni la haki, na mwenye kuuliza hapaswi kukemewa. Wala halijibiwi kwa kusema tu kwamba waliotenda hayo si Waislamu wema, kwani jibu la namna hiyo laweza kutolewa na kila dini juu ya watu wake. Lililo bora ni kulitazama tukio moja la kweli, tulijue lilivyokuwa, kisha tulipime kwa mafundisho ya Kurani Tukufu na mwendo wa Mtume Mtukufu s.a.w.

Katika somo hili tumeichagua nchi ya Sudan. Tangu ipate uhuru tarehe 1 Januari 1956, mara tatu watu wasio na silaha wamesimama mbele ya serikali ya kijeshi na kuiangusha: mwaka 1964, mwaka 1985 na mwaka 2019. Katika mara hizo tatu, waliokuwa na bunduki mikononi hawakuitumia amana yao kwa namna moja. Ndiyo maana historia hii inafaa sana kwa mwenye kutaka kujifunza.

YALIYOTUKIA

Mwezi Novemba 1958 Jenerali Ibrahim Abboud alitwaa utawala. Tarehe 21 Oktoba 1964 polisi waliingia katika Chuo Kikuu cha Khartoum kuuvunja mkutano wa wanafunzi, nao wakampiga risasi mwanafunzi aitwaye Ahmad al-Qurashi, akafa. Mazishi yake yakageuka kuwa maandamano, na maandamano yakawa mgomo mkuu wa nchi nzima. Watu wengine waliuawa katika siku hizo. Hata hivyo, kabla Oktoba haijaisha, Abboud alilivunja baraza lake la kijeshi, na katikati ya Novemba akajiuzulu.

Mara ya pili ilikuwa zamani za Jaafar Nimeiri, aliyetawala tangu Mei 1969. Mwezi Septemba 1983 alitangaza sheria alizoziita za Kiislamu, na tarehe 18 Januari 1985 akamnyonga mzee Mahmoud Mohammed Taha, mwenye umri wa miaka sabini na zaidi, aliyezipinga sheria hizo kwa maneno wala si kwa silaha. Miezi michache baadaye bei ya mkate na ya petroli zilipanda. Madaktari, mawakili, waalimu na wafanyakazi wakagoma. Nimeiri alikuwa safarini Marekani. Tarehe 6 Aprili 1985 mkuu wa jeshi, Jenerali Abdel Rahman Swar al-Dahab, alimwondoa, akaahidi kwamba baada ya mwaka mmoja atawarudishia raia utawala wao. Mwaka ukapita, uchaguzi ukafanywa Aprili 1986, naye akatimiza ahadi yake. Swar al-Dahab alifariki Oktoba 2018, akazikwa Madina.

Serikali iliyochaguliwa ilidumu miaka mitatu tu. Tarehe 30 Juni 1989 Omar al-Bashir aliipindua, akatawala miaka thelathini. Katika zamani zake vita vya Darfur vilianza mwaka 2003, na wanamgambo walioitwa Janjaweed wakaachiwa kuchoma vijiji na kuua wenyeji, ingawa wenyeji hao nao ni Waislamu. Kutokana na wanamgambo hao likaundwa mwaka 2013 jeshi liitwalo Vikosi vya Msaada wa Haraka, chini ya Mohamed Hamdan Dagalo, ajulikanaye zaidi kwa jina la Hemedti.

Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011, Sudan ilipoteza sehemu kubwa ya mafuta yake, kadiri ya robo tatu. Fedha ikashuka thamani, na foleni za mkate zikawa ndefu. Mwezi Desemba 2018, katika mji wa Atbara, mkate uliokuwa ukiuzwa paundi moja ya Sudan ukafika paundi tatu. Tarehe 19 Desemba watu wa Atbara, wanafunzi wakiwa mbele, waliingia barabarani, na ofisi ya chama kilichotawala ikachomwa moto. Maandamano yakaenea nchi nzima. Baadaye yaliongozwa na Chama cha Wanataaluma wa Sudan, na neno lililosikika zaidi ya mengine likawa "silmiya", yaani "kwa amani".

Tarehe 6 Aprili 2019, siku ya kumbukumbu ya kuanguka kwa Nimeiri, maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kuketi mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum. Usiku wa siku zilizofuata vikosi vya usalama vilijaribu kuwatawanya kwa risasi. Hapo likatukia jambo la kuzingatiwa: baadhi ya askari na maofisa wadogo wa jeshi walitoka, wakawakinga watu, wakajibu risasi kwa risasi, na baadhi yao wakauawa. Tarehe 11 Aprili majenerali walimwondoa Bashir.

Lakini watu hawakuondoka pale, kwa kuwa walitaka utawala wa kiraia. Wakakaa hadi mwezi wa Ramadhani, wakafuturu pamoja barabarani. Alfajiri ya tarehe 3 Juni 2019, siku ya 29 ya Ramadhani, Idi ikiwa imekaribia, Vikosi vya Msaada wa Haraka pamoja na askari wengine walivamia mahali hapo. Watu zaidi ya 100 waliuawa kwa hesabu ya kamati ya madaktari. Serikali ilikiri kiasi cha 60. Maiti nyingine zilitolewa katika mto Naili. Mtandao wa intaneti ulikatwa nchi nzima.

Je, wananchi walijibu kwa silaha? La. Tarehe 30 Juni, hali intaneti imekatwa, habari zilipita mlango kwa mlango, na watu wakaandamana tena kwa wingi mkubwa. Umoja wa Afrika, uliokuwa umeisimamisha Sudan uanachama, pamoja na Ethiopia, wakasuluhisha. Tarehe 17 Agosti 2019 mapatano yakatiwa sahihi, na Abdalla Hamdok akawa waziri mkuu wa serikali ya pamoja ya raia na wanajeshi.

Mapatano hayo hayakudumu. Tarehe 25 Oktoba 2021 Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, akiwa pamoja na Hemedti, aliipindua serikali hiyo. Maandamano yakaanza upya, na vijana wengi wakauawa. Kisha tarehe 15 Aprili 2023, tena katika Ramadhani, majenerali hao wawili wakageukiana. Makao makuu yale yale ya jeshi ambayo raia waliketi mbele yake yakazingirwa na Vikosi vya Msaada wa Haraka, na mzingiro huo haukuvunjwa mpaka Januari 2025. Watu zaidi ya milioni 10 walilazimika kuyahama makao yao. Wengine wamefika hata Kiryandongo nchini Uganda.

Hayo ndiyo yaliyotukia. Sasa tuyapime.

(Aya tutakazozitaja zimehesabiwa pamoja na Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura.)

SOMO LA KWANZA: AMANA HUTANGULIA UTII

Wanaotaka kuwanyamazisha watu hupenda kuitaja aya ya Sura An-Nisaa (4:60) inayowaamuru waaminio wamtii Mwenyezi Mungu, wamtii Mtume, na wawatii wenye mamlaka. Aya hiyo ni ya haki, na Mwislamu hawezi kuikwepa. Lakini yafaa kila mwanafunzi wa Kurani Tukufu aisome aya iliyo kabla yake. Katika aya ya 59 Mwenyezi Mungu anaamuru kwanza amana zikabidhiwe kwa wanaostahili, na kwamba wanaohukumu kati ya watu wahukumu kwa uadilifu. Yaani kabla raia hajaambiwa neno lolote juu ya utii, mtawala ameambiwa juu ya amana. Mpangilio huu haukuja kwa bahati.

Nasi tusemao Kiswahili tuna ushahidi wa jambo hili katika lugha yetu wenyewe. Neno "raia" tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kundi linalochungwa. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji, na kwamba kila mchungaji ataulizwa juu ya kundi lake. Akamtaja mtawala wa kwanza katika hao watakaoulizwa. Basi kila tunapotamka "raia" twakiri kwamba yuko mchungaji, na kwamba yuko Mwenye kundi atakayedai hesabu. Mchungaji hapewi fimbo ili awapige kondoo, bali awafukuze mbwa-mwitu.

Hadhrat Abubakar r.a. alipochaguliwa kuwa Khalifa, katika hotuba yake ya kwanza aliwaambia watu wamsaidie akienda sawa na wamnyoshe akienda kombo, na kwamba utii wao kwake wategemea utii wake kwa Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Naye alikuwa mbora wa watu wa zamani zake!

Mwanga huo ukiangazwa juu ya Sudan, twaona tofauti iliyo wazi. Nimeiri alizitangaza sheria kwa jina la dini, lakini mkate ukawashinda maskini kununua, na mzee asiye na silaha akanyongwa kwa maoni yake. Swar al-Dahab hakutangaza dini mpya wala sheria mpya; alisema atarudisha amana baada ya mwaka, akairudisha. Yupi kati ya hao wawili aliitenda aya hiyo ya amana? Mtafutaji wa ukweli asihadaike na jina lililoandikwa mlangoni. Aangalie kilichomo ndani ya nyumba.

SOMO LA PILI: ASKARI NAYE ATAULIZWA

Baada ya kila mauaji husikika neno hili: "Askari hana kosa, alitumwa." Je, Uislamu unaupokea udhuru huo?

Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume s.a.w. alituma kikosi na kukipa amiri, akawaagiza askari wamtii. Njiani amiri yule alikasirika. Akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto, kisha akawaambia waingie ndani yake! Wakatazamana. Wengine walikaribia kuingia, wengine wakasema kwamba wao walimkimbilia Mtume ili waokoke na moto, basi watauingiaje? Walipokuwa katika kusitasita, moto ukazimika na hasira ya amiri ikatulia. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w., alisema kwamba lau wangaliuingia wasingalitoka humo kamwe, na kwamba utii ni katika mambo mema tu.

Tafakari jambo hili vizuri. Amiri yule aliteuliwa na Mtume mwenyewe, na amri ya kumtii ilitoka kwa Mtume mwenyewe. Hata hivyo amri yake ya dhulma ilikuwa batili mara ilipotoka kinywani mwake. Ikiwa askari hawakuruhusiwa kuitii amri ya kujiunguza wao wenyewe, wataruhusiwaje kuitii amri ya kuwaua wasio na hatia?

Kurani Tukufu yaendelea mbele zaidi. Katika Sura Al-Qasas (28:9) inapotaja makosa ya Firauni na Hamana, haikuwaacha nje askari wao. Wote wametajwa pamoja kuwa wenye makosa. Na katika Sura Al-Ahzab (33:68) twaonyeshwa watu watakaolia Siku ya Kiyama kwamba waliwatii mabwana zao na wakubwa wao, nao wakawapoteza njia. Lakini kilio hicho hakitawaondolea adhabu. Na juu ya damu yenyewe, Sura Al-Maida (5:33) yafundisha kwamba kumwua mtu mmoja pasipo haki ni sawa na kuwaua watu wote.

Kwa hiyo wale askari wa Aprili 2019 waliotoka kuwakinga raia hawakuvunja kiapo chao cha kuilinda nchi, walikitimiza. Na wale wa alfajiri ya tarehe 29 Ramadhani, waliopiga risasi katika mahema ya watu waliolala na waliofunga, hawawezi kusimama mbele ya Mola wao na kusema "tulitumwa". Hata mahakama ya wanadamu iliwahi kuukataa udhuru wa kazi: mwezi Desemba 2019 mahakama ya Sudan iliwahukumu maofisa 27 wa usalama adhabu ya kifo kwa kumtesa mwalimu mmoja hadi akafa kizuizini wakati wa maandamano. Lakini juu ya mauaji ya tarehe 3 Juni, kamati ya uchunguzi iliundwa, na mapinduzi ya 2021 yakaikuta haijatoa ripoti yake. Hukumu ya duniani yaweza kucheleweshwa kwa mapinduzi. Ile ya Akhera haina wa kuipindua.

SOMO LA TATU: NGUVU YA MKONO MTUPU

Sasa tumgeukie raia. Uislamu haukumfundisha kuwa bubu. Mwenyezi Mungu alimtuma Musa a.s. pamoja na Haruni a.s. kwa Firauni, ambaye hapana mtawala aliyemshinda kwa jeuri. Lakini katika Sura Taha (20:44-45) aliwaagiza waseme naye kwa maneno ya upole. Hapa pana mambo mawili, na watu wengi hulichukua moja na kuliacha la pili. La kwanza ni kwenda kwa Firauni na kumwambia ukweli. La pili ni upole. Anayekaa nyumbani kwa hofu ameacha la kwanza. Anayekwenda na mawe na viberiti ameacha la pili. Naye Mtume s.a.w. ameitaja kauli ya haki mbele ya mtawala dhalimu kuwa katika jihadi zilizo bora; kauli, wala si upanga.

Kwa hiyo hatuwezi kuusifu moto uliowashwa Atbara, hata kama tunaijua njaa iliyouwasha. Kuchoma jengo hakupunguzi bei ya mkate. Bali humpa mwenye bunduki kisingizio anachokitafuta. Lakini yatupasa kukiri kwa haki kwamba baadaye waandamanaji walijikaza. Kwa miezi mingi walipigwa, nao wakaendelea kusema "silmiya". Matunda yake yalionekana: kwa kuwa mikono yao ilikuwa mitupu, askari wenye dhamiri hawakuona adui mbele yao, waliona ndugu zao na mama zao. Ndipo jeshi likagawanyika moyoni, na Bashir akaanguka. Sura Ha Mim As-Sajda (41:35) yafundisha kwamba uovu ukizuiwa kwa lililo jema, adui aweza kugeuka kuwa kama rafiki wa karibu. Waliokuwapo pale makao makuu katika siku zile za Aprili waliyaona hayo kwa macho yao.

Historia ya Uislamu imetuachia pia onyo kubwa. Mwaka 35 wa Hijra, waasi kutoka Misri, Kufa na Basra waliizingira nyumba ya Hadhrat Uthman r.a. mjini Madina. Walikuwapo vijana wa masahaba waliotaka kumpigania, lakini Khalifa yule aliwakataza, kwa kuwa hakutaka awe sababu ya damu kumwagwa katika mji wa Mtume. Waasi wakaingia, wakamwua. Je, walipata haki waliyodai kuitafuta? La hasha! Mlango wa fitina ulifunguka, vita vya Jamal na vya Siffin vikafuata, na umma ukagawanyika hata leo. Katika kisa hiki mtawala afunzwe kwamba kuna heshima katika kukataa kuua ili abaki; na raia afunzwe kwamba upanga unaochomolewa kumwondoa mtawala haurudi alani kwa amri ya aliyeuchomoa.

SOMO LA NNE: SILAHA ISIYO NA HAKI HUMRUDIA MWENYEWE

Linganisheni mwaka 2019 na mwaka 2023. Jeshi lililowafungulia njia wanamgambo wa Darfur lilidhani limepata mbwa wa kumlinda. Majenerali walikuwa pamoja raia walipouawa, na walikuwa pamoja serikali ya raia ilipopinduliwa. Lakini umoja uliojengwa juu ya dhulma hauna msingi. Wasiokuwa na cha kuwazuia kumwua raia, hawakuwa na cha kuwazuia kuuana. Mtume s.a.w. aliwahi kuonya kwamba Waislamu wawili wakikutana na panga zao, mwenye kuua na mwenye kuuawa wote wawili wamo hatarini mwa Moto. Alipoulizwa juu ya yule aliyeuawa, alieleza kwamba naye alikuwa na nia ya kumwua mwenzake.

Na majirani wafanye nini? Sura Al-Hujurat (49:10) yaamuru kwamba makundi mawili ya waaminio yakipigana, wapatanishwe. Na mmoja akiendelea kumdhulumu mwenzake, azuiwe mpaka arudi. Na akirudi, wapatanishwe kwa uadilifu. Neno la mwisho ndilo linalosahauliwa. Suluhu ya 2019 ilinyamazisha bunduki kwa muda, lakini waliozishika bunduki hizo waliachwa ndani ya serikali na hawakuulizwa juu ya damu ya Ramadhani. Suluhu isiyo na uadilifu ni jeraha lililofunikwa kabla ya kusafishwa.

MASWALI MATATU YA WATAFUTAJI

Swali: Je, mtawala akiwa dhalimu na hasikii kauli ya haki, muumini atafanya nini?

Jibu: Mtume s.a.w. alikaa Makka miaka kumi na mitatu katika mateso. Masahaba wake walipigwa, wengine wakauawa, wala hakuwaamuru kuchoma nyumba za Makuraishi usiku. Aliendelea kusema kweli, akasubiri, akaomba, na dhulma ilipozidi akawaruhusu wafuasi wake wahame. Wa kwanza walihamia Habasha, kwa mfalme Mkristo aliyekuwa mwadilifu. Leo wakimbizi wa Sudan wameuvuka mpaka wa nchi ile ile, Ethiopia. Kuhama si woga. Ni kuikataa dhulma pasipo kuwa mdhulumu.

Swali: Je, Mwislamu aliye askari yampasa aache kazi yake?

Jibu: La. Kuilinda nchi na kuwalinda watu ni kazi ya heshima. Lakini ajue kwamba aliyempa bunduki hakumpa na moyo wake. Akiamriwa dhulma, na akatae; na akipata madhara kwa kukataa kwake, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu. Yafaa alitafakari jambo hilo mapema, kabla ya siku ya mtihani, kwani aliyengoja mpaka amri itolewe huona muda ni mfupi mno.

Swali: Ikiwa wote hao ni Waislamu na wanafunga, funga yao iliwafaa nini?

Jibu: Swali lako ni zito, nasi hatulikimbii. Lengo la funga, kama Kurani Tukufu ilivyoeleza, ni ucha-Mungu. Aliyejizuia na maji tangu alfajiri, kisha asijizuie na damu ya mwenziwe, amepata njaa na kiu tu. Usiipime dini kwa aliyeivunja. Mpime aliyeivunja kwa dini. Na uwatazame pia wengine waliofunga siku ile ile: waliowabeba majeruhi, madaktari waliowatibu chini ya risasi, na majirani waliowafungulia milango waliokimbia. Hao pia walikuwa Waislamu, na matendo yao ni jibu.

HITIMISHO

Basi, ndugu msomaji, tuliulizwa kama Uislamu waamuru utii au waamuru uasi. Jibu ni kwamba Uislamu umeamuru amana, na kila mtu amepewa yake. Mtawala ana amana ya watu, askari ana amana ya silaha, raia ana amana ya ulimi na mkono wake. Utii ni wajibu, lakini mpaka wake ni pale amri ya kiumbe inapogongana na amri ya Muumba. Kauli ya haki ni wajibu, lakini mpaka wake ni pale inapogeuka kuwa jiwe na moto. Pale Khartoum, watu walipoishika mipaka hiyo, dhalimu wa miaka thelathini aliondoka. Wenye silaha walipoivuka, mji wenyewe ukawa uwanja wa vita.

Yatupasa kuwaombea watu wa Sudan, waliouawa na waliofukuzwa, na kuwasaidia walio karibu nasi kwa chakula, kwa makazi na kwa neno jema. Na kila mmoja wetu ajiulize juu ya amana iliyo mkononi mwake, hata kama ni nyumba yenye watoto wawili, au duka lenye mfanyakazi mmoja. Kwani dhulma ya majenerali nayo ilianza siku mtu mmoja alipoona kwamba aliye chini yake hana wa kumtetea.

Mwenyezi Mungu awape watawala wetu uadilifu, awape askari wetu dhamiri, atupe sisi sote subira pamoja na ujasiri wa kusema kweli, na airudishie Sudan amani yake. Amin.